Zamu ya Twahiru

Kwa miaka kumi na mitatu, mzigo wa kupanga uzazi nyumbani kwao Kinyinya ulikuwa mwilini mwa Raihana. Alianza na vidonge, akavisahau msimu wa kazi nyingi, akashika mimba ya tatu. Baada ya mtoto wa nne akahamia sindano; damu ikamtoka wiki tatu mfululizo. Akawekewa kijiti mkononi, kichwa kikamgonga kutwa huku akishona sare za shule kibarazani. Alipotolewa kijiti, hata hakupumzika: mimba ya tano ikaingia.

“Dada, kuna upasuaji mdogo wa mwanamume,” Spéciose, muuguzi wa kituo cha afya, alimwambia Raihana alipokwisha kujifungua. “Asubuhi anakuja, mchana amerudi kwake.”

Raihana alicheka kwa kukata tamaa. Twahiru, mumewe, alikuwa mwashi, mtu mpole, lakini mambo hayo aliyaita ya wanawake. Zamani Raihana angenyamaza. Sasa nusu ya chakula cha nyumba ile ilitoka kwenye cherehani lake, na ulimi wake ulikuwa umezoea kusema.

“Baba Usumani, safari hii nenda wewe.”

Twahiru aliweka kijiko chini. “Wanihasi?”

“Hawahasi. Wanafunga mirija tu.”

“Mafundi wenzangu wakisikia?”

“Mimi nilipotokwa damu wiki tatu, nani alisikia?” Hakupandisha sauti. “Sina hasira nawe. Nimechoka.”

Karibu mwezi mzima Twahiru hakuligusa neno lile. Kisha Alhamisi moja hakwenda kazini. Alivaa shati safi, akasimama mlangoni. “Kituo kinafunguliwa saa ngapi?”

Aliporudi alilala siku tatu, akiomba uji, akiomba barafu. Raihana alimpelekea vyote. Alimhurumia, na papo hapo alimwekea kinyongo: yeye, kila uzazi, siku ya kumi alikuwa amesharudi kwenye cherehani.

Mama mkwe, Mukantwari, alifika kwa pikipiki kutoka Masaka. “Raihana, umemkata mwanangu mizizi!”

“Mama,” Twahiru aliita kutoka chumbani, “nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe.”

 Bibi alipoondoka hakumuaga mkwewe, na Raihana hakuwa na nguvu ya kumfuata.

Spéciose alikuwa amewaonya wajikinge miezi mitatu, mpaka kipimo kithibitishe kuwa mbegu zimekwisha. Wakajikinga, Twahiru akinung’unika. Siku ya majibu alileta karatasi mwenyewe, akaiweka juu ya cherehani. Raihana aliisoma mara mbili: hakuna mbegu. Alidhani angefurahi. Badala yake usingizi ulimshukia kama maji; akalaza kichwa juu ya sare ambazo hazijatiwa vifungo, mchana kweupe, wateja wakipita. Hata hakusikia Twahiru alipomfungua mtoto mgongoni mwake na kuingia naye ndani.