Siku Thelathini na Nane, Miezi Saba

Je, siku thelathini na nane zinatosha kumjua mwanamume na kumkataa? Swali hilo lilininyima usingizi niliporudi Mbeya nyumbani kwa baba. Labda nilikuwa na haraka. Labda chuo cha ualimu kilinijaza kiburi. Labda angebadilika siku ya thelathini na tisa.

Alikuwa na duka la vitambaa Iringa. Siku ya posa alikubali mbele ya wazee kwamba nitafundisha. Tulipokwisha kuoana akakifungia cheti changu sandukuni. "Mke wangu hatumwi na watu," akasema. Ijumaa moja alipokwenda kuswali nikavunja kufuli, nikapanda lori.

Shule ya wasichana Mbeya ilinipa nafasi ya Januari, kwa sharti: nilete ridhaa ya mume au talaka. Nilihesabu na miezi mitatu ya eda. Talaka ilibidi ipatikane kabla Septemba haijaisha.

Baba akaniambia niiombe kwa barua. Nikaandika kama wote tulivyofundishwa: "Kwa mume wangu mpenzi. Salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu." Ukurasa mzima hivyo, nikiogopa kuonekana sina adabu. Ombi la talaka lilikuja mwishoni, mistari miwili.

Mume akaipeleka kwa sheikh aliyetuozesha. Jibu alilileta shangazi yake mume, akicheka tangu mlangoni.

"Mke anayemhofia mume namna hii ni wa kuachwa? Hasira za maharusi hizo, mwanangu. Acha Ramadhani ipite."

Ramadhani ikapita. Nikaandika ya pili, nikazidisha heshima. Wakasema moyo wangu umeanza kulainika, nisubiri mume arudi kutoka Chimala alikokwenda kununua mpunga. Alirudi, mpunga ukauzwa, nikaandika ya tatu. Jibu: subiri Maulidi ipite. Maulidi mwaka ule ilikuwa Oktoba!

Ndoa yetu ilifungwa kabla pilau haijaiva. Kuivunja kukahitaji mfungo, mavuno na Maulidi. Kwa hasira nikamsomea bibi, mama yake baba, nakala za barua zangu. Aliniita mke mwenzake, kama bibi na wajukuu wanavyotaniana.

"Mke mwenzangu, hata mimi ningesema unamtaka!"

"Ni adabu, bibi."

"Haya, ipike hiyo adabu ule. Watu wanasoma salamu, wanakunja karatasi. Mdomo wako una kazi gani?"

Nililiwaza jambo lile siku tatu. Mwanamke kusema mwenyewe barazani? Baba ataaibika? Sauti ikinikauka je? Siku ya nne nikachoka kuwaza. Nikaenda Uyole na bibi, tukapata lori la Iringa.

Tuliwakuta wazee barazani kwa sheikh baada ya adhuhuri, mume akiwa katikati yao.

"Mwalimu," mume akasema akitabasamu, "hata hodi?"

"Simtaki," nikamwambia sheikh. "Aliahidi mbele yenu nitafundisha, kisha akafungia cheti changu. Simtaki leo, wala baada ya Maulidi."

Mmoja akasema tutaitwa. Nikaketi kwenye kizingiti cha mlango wa baraza, bibi kando yangu, nikawaambia siondoki bila karatasi. Aliyetaka kutoka ilimbidi aturuke, na hakuna aliyethubutu kumruka bibi kizee. Kabla ya alasiri, sheikh akaagiza wino na mume akaandika talaka, miezi saba tangu nimtoroke, Septemba ikiwa haijaisha.