Bibi Aliyetaka Picha ya Baba Yake

Mke wangu hapendi nisimulie habari hii, na yeye ndiye shahidi wangu. Niite mwongo ukitaka. Ilitokea hapa Unyambwa, mchana kweupe, na sikuwa nimelewa wala kuumwa.

Mimi ni mchoraji. Situmii penseli. Nachora kwa waya wa fedha niliouchomeka kwenye kijiti, juu ya karatasi niliyoipaka gundi na majivu ya mifupa ya ng'ombe. Ni ufundi wa kale wa Ulaya, nimejifunza kwenye simu, na majirani wamenicheka vya kutosha wakiniona naomba mifupa buchani. Mstari wa fedha haufutiki. Unaanza hafifu, kisha unakolea wenyewe kadiri miaka inavyokwenda.

Siku hiyo mke wangu, mjamzito wa miezi minane, alikuwa uani anapepeta alizeti. Akaingia bibi mmoja, mkubwa kuliko mama yangu, ana kinyama kidogo mbele ya sikio la kushoto. Sijafungua mdomo, akaniambia, "Shikamoo."

Ungefanyaje? Mzee vile akuamkie wewe? Nilibabaika, nikajikuta nimeitikia, "Marahaba."

Alitaka picha ya marehemu baba yake. "Picha zake zilikuwa kwenye simu," alisema, "na simu ikafa." Nikashangaa kidogo: enzi za baba yake kulikuwa na simu za picha? Lakini kazi ni kazi. Akaeleza kovu juu ya nyusi, meno ya mbele yaliyopandana, mimi nachora nimeinamisha kichwa. Nani hukumbuka uso wake mwenyewe akiwa kazini? Kwa adabu tu nikamuuliza baba alifariki lini.

"Wiki niliyoanza darasa la kwanza."

Nilipoinua karatasi nimwonyeshe, ndipo nikaitazama yote kwa mara ya kwanza. Niamini, ilikuwa sura yangu.

"Ndiye huyo," akasema, machozi yakimtoka. Akatoka bila kuichukua. Mke wangu anasema bibi alisimama uani, akalitazama lile tumbo la miezi minane, akapita. Nilipofika barabarani hapakuwa na mtu.

Mwezi uliofuata tulipata binti. Muuguzi alipofunua kitenge, nilikiona kinyama kile, mbele ya sikio la kushoto.

Picha nimeifungia sandukuni. Najua fedha hukolea kwa miaka, lakini hii inakolea haraka mno, kama inanikimbiza.

Sasa wenzake binti yangu wanasoma. Mimi kila Januari nina sababu: cheti cha kuzaliwa hakijatoka, mtoto anakohoa, bado mdogo. Mwalimu mkuu amekuja mara mbili. Mke wangu hanisemeshi. Jana nimemkuta binti nyuma ya nyumba, amewapanga kuku, anajifanya mwalimu, na hajui awafundishe nini. Niliona aibu kuliko woga. Jumatatu nampeleka, na sikufichi, silali.

Nawe, mtu akikueleza sura ya marehemu wake, chora unyamaze. Usiulize alikufa lini. Mimi niliuliza, na binti yangu ana miaka minane, hajui kuandika jina lake.