Siku Tuliyotoa Vitanda Nje

Fundi wa dawa ya mchwa alisema kila kitu kitoke: vitanda, makabati, magodoro, hata picha za ukutani. Vyakula vifungwe, vipelekwe mbali. Nyumba yetu ya mtaa wa Bel-Air ilikuwa imeliwa na mchwa kwa miaka, na mama kazi yake ilikuwa kupaka rangi juu ya njia zao za udongo. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilipobonyeza fremu ya mlango wa chumba chake, kidole kilizama kama kwenye mkate.

Nikatoa vitu peke yangu, huku nikinung'unika. Kikabaki chumba cha mama, na mama mwenyewe ndani yake, ameketi kitandani, kiganja kaweka ukutani.

Niseme wazi, chumba kile nilikiogopa. Tangu baba afe ukuta ule ulikuwa ukigonga. Tk-tk-tk, kimya, tk-tk-tk. Baba alikuwa mtu wa reli, mwenye adabu zake, hakuingia hata chumbani mwake bila kugonga hivyo kwa ukucha. Fundi alinieleza kwamba mchwa askari hupiga vichwa kwenye mbao wakishtuka. Nilimwamini alipokuwa mbele yangu. Nikipita pale peke yangu nilikaza mwendo, mtu mzima mimi, nywele zimenisimama.

"Mama, ile ni muchwa," nilimwambia. "Wanakula nyumba. Siku moya paa itakuangukia."

"Najua ni muchwa, miye si mujinga." Hakunitazama. "Lakini nikigonga, ananijibiaka. Kule ku kaburi nikigonga, nani atanijibia?"

Akagonga kwa pete yake. Ukuta ukajibu. Nilisikia, na fundi aliyesimama mlangoni akasikia, akaiweka chini mashine yake ya kutoboa. Hasira zangu zote ziliyeyuka. Nilimkumbuka baba, na nusura nimwambie yule fundi aende zake.

Siku tulipomzika baba, mama hakulia. Watu walimsifu kwa kujikaza. Mimi nilijua kwamba kwake yeye hakuna aliyeondoka.

Mama akaondoa kiganja ukutani, akainuka mwenyewe. "Mutoe kitanda," alisema.

Tukakitoa, mimi na fundi, mama akitufuata, tukakiegemeza kwenye ukuta wa ua pamoja na vingine. Sasa, kwetu vitanda na viti havirundikwi nje ovyo. Ukiona hivyo, nyumba imefiwa: sebule imeachwa tupu, mikeka imetandikwa, wenye kulia wakae chini. Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. Mashine ilipoanza kutoboa ukuta, majirani watatu waliingia langoni, vitenge wamefunga kiunoni, wa mbele machozi yanamtiririka tayari.

Nilikimbilia kuwaeleza. Mama akanishika mkono, akanirudisha nyuma.

"Mama, njo nani alikufa?" akauliza yule wa mbele.

Ndani mashine ilikuwa imezimwa. Fundi alikuwa akimimina dawa kwenye matundu. Mama aliutegea ukuta sikio kidogo. Akavua viatu, akaketi chini palepale, kwenye udongo mtupu.

"Bwana yangu," alisema. "Bwana yangu njo alikufa."

Na hapo ndipo alipolia. Jirani yule alikuwepo makaburini siku tulipomzika baba, lakini hakuuliza tena. Aliketi karibu yake, akamlaza kichwa mapajani mwake.