Mawe ya Ukingoni

Mimi ni mtu wa Tanga, na baridi sikuijua mpaka niliposhika jiwe la kijito cha kaskazini mwa China. Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nasoma Guangzhou kwa ufadhili, na somo langu lilikuwa mwani: ule mdogo usioonekana kwa macho, wenye maganda kama kioo, unaoleta utelezi kwenye mawe ya mtoni. Mwalimu wetu alitaka kujua ni nini kinachoamua mwani upi uishi wapi katika vijito vya baridi. Je, ni baridi yenyewe, mwanga, au kasi ya maji?

Basi tukapelekwa kaskazini, mimi na mwanafunzi mwenzangu aliyenitangulia mwaka mmoja. Kwa desturi ya maabara ile nilimwita dada. Kazi ilikuwa nyepesi kuieleza: ingia katikati ya kijito, toa jiwe, lisugue kwa mswaki, tia kilichotoka ndani ya chupa. Siku ya kwanza niliingia. Maji yalinifika magotini, mifupa ikaniuma mpaka machozi yakanitoka. Siku ya pili, dada alipokuwa mbali upande wa juu, nilipima kasi ya maji kwa kutupa kijiti katikati, kisha nikaokota mawe ya ukingoni, penye maji yaliyotulia. Kwenye kila chupa nikaandika: katikati, kasi kubwa. Nilifanya hivyo mpaka mwisho wa safari. Nilijiambia kijito ni kile kile, na jiwe ni jiwe.

Tuliporudi Guangzhou msimu wa unyevu ulikuwa umeingia, kuta za maabara zikitoka jasho. Dada alikaa kwenye hadubini wiki kadhaa akihesabu mwani wa chupa zake na zangu, maana yeye ndiye aliyekuwa na jicho la kuutambua. Mimi nilichora majedwali, na hapo ndipo nikaona nilichokifanya. Kwenye maji ya kasi mwani hulala bapa ukajibandika kwenye jiwe, kwa kuwa uliosimama huzolewa. Kwenye maji yaliyotulia husimama juu ya vikonyo na kufanya nyuzi ndefu. Chupa zake zilisema hivyo hasa. Zangu, zilizoandikwa kasi kubwa, zilijaa mwani wa vikonyo.

Mwalimu naye aliona. Alituita sote wa maabara mezani, akasema asiyeweza kutofautisha mwani bapa na mwani wa vikonyo hana haki ya kukaa kwenye hadubini. Dada atafute maabara nyingine muhula ukiisha. Chupa za mgeni hakuzitilia shaka hata kidogo. Dada hakujitetea. Mimi nilitazama chini kama niliyeangusha sindano.

Niliogopa, sifichi. Nikisema, huenda ningerudishwa Tanga mikono mitupu, na mama yangu alikuwa ameshatangaza mtaa mzima. Siku tatu nikaendelea kuchora majedwali. Kwetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikuwa na miaka miwili pale, na jembe nilikuwa nimemwachia mwenyeji.

Siku ya nne asubuhi niligonga mlango wa Mwalimu nikamweleza yote. Aliniuliza kwa nini.

"Maji yalikuwa ya baridi, Mwalimu," nikajibu.

Hakucheka wala hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema baridi ikianza tena nitarudi kaskazini peke yangu na kuanza upya, mwaka wangu umekwenda, na mchana ule ule nitayasema hayo mbele ya wale wale waliomsikia akimfukuza dada. Niliyasema. Kichina changu kilikwama mara mbili, na hakuna aliyenisaidia.

Baada ya hapo nilimfuata dada kwenye meza yake. Alikuwa anafunga vitabu vyake kwa kamba. Nikamwomba radhi.

"Nilikuona kule mtoni," alisema. "Siku ile ya pili, na siku nyingine."

Nikamwuliza mbona hakusema.

"Wewe ni mgeni wetu. Nilisubiri useme mwenyewe." Akakaza fundo. "Jana niliacha kusubiri."

Mwalimu alimwomba abaki, akakataa kwa adabu. Alibeba vitabu vyake mwenyewe, na niliponyoosha mkono kumpokea alinipita.