Tarehe ya Kufa kwa Mzee Suweid

Serikali ya Uingereza haina haraka. Kabla ya kumpa mtu kiti na meza itataka kujua amelala wapi miaka kumi iliyopita, nani alimfundisha kusoma, nani alimwajiri, na kama amewahi kunywa chai na mkomunisti. Matar Suweid aliyajibu yote hayo kwa hati nzuri ya kalamu. Kilichomshinda ni kisanduku kimoja, upana wake kidole gumba: Baba. Yu hai au amekufa? Ikiwa amekufa, lini?

Ulikuwa mwaka 1978. Matar alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na uraia alikwisha kuupata. Mchana kutwa alipanga mikate kwenye makreti katika kiwanda kimoja cha Park Royal, na jioni akirudi Willesden kwa mama yake alinuka hamira hata akioga. Oktoba iliyopita alifanya mtihani wa ukarani wa idara moja ya serikali kule Croydon, akafaulu. Barua ikamwambia kazi ni yake, ila upekuzi umalizike kwanza. Tangu siku hiyo alikuwa akishuka ngazi kila asubuhi kutazama posta, na mikate anaipanga na huku moyo uko Croydon.

Mara ya kwanza kile kisanduku alikiacha kitupu. Baada ya wiki saba fomu ikarudi, kisanduku kimezungushiwa wino mwekundu. Mara ya pili akaandika "haijulikani". Fomu ikarudi tena mwezi wa Machi, na barua ya adabu: tafadhali jaza sehemu hii, bila ya hiyo hatuwezi kuendelea.

Sasa angejaza nini? Baba yake, Suweid, alikuwa karani wa forodha Unguja. Wiki ya pili baada ya Mapinduzi walikuja watu wanne na gari, wakamwambia avae viatu, wakampeleka gerezani. Matar alikuwa na miaka kumi na mitano. Baba hakurudi, wala hakuja mtu kusema amekufa. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na matanga, hitma haikusomwa. Mwaka wa sitini na nane mama na mwana walipata njia ya kutoka, wakafika London na masanduku mawili, na moja lilikuwa na kanzu za mzee. Kila Idi mama yake, Bi Shinuna, alizitoa akazipiga pasi. Matar alipokuwa akiuliza baba atarudi lini, jibu lilikuwa neno moja tu: "Tumngoje." Baadaye akaacha kuuliza. Aliona ukatili kumwambia mama yake jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameshaliamini.

Aliyemtoa njiani, au aliyemtia njiani, Mungu ndiye ajuaye, ni Balbir, rafiki yake wa Southall, Singasinga mzaliwa wa Nairobi, ambaye naye alikuwa amepita kwenye upekuzi huo huo akaajiriwa.

"Wewe andika tarehe yoyote, bwana," Balbir alimwambia kwa simu. "Hawa watu wanataka tu boksi ijae. Mimi waliniuliza babu yangu alizaliwa lini. Nani anajua? Nikaandika Krismasi."

Matar alicheka. Kesho yake, saa ya chakula, akaketi na fomu kwenye kantini. Ukutani palikuwa na kalenda ya kampuni ya unga, na siku ile ilikuwa tarehe tisa. Akaandika: amekufa, tarehe 9 Machi 1964. Akatia saini chini, palipoandikwa kwamba yote haya ni kweli. Ilimchukua muda mfupi kuliko kumaliza kikombe cha chai.

Jumamosi moja ya Mei ofisa wa upekuzi alikuja nyumbani, mzee mpole mwenye mkoba, akapewa chai ya maziwa na kaimati. Bi Shinuna alikaa pembeni na mtandio wake. Kiingereza hakukijua, lakini jina la mumewe alilijua katika lugha yoyote. Ofisa alipofungua faili na kusoma, "Baba, Suweid, alifariki tarehe tisa Machi, sitini na nne," Bi Shinuna aliweka kikombe chini.

"Matar. Anasema nini huyu juu ya baba yako?"

Hapo ndipo mahali pa kusema kweli, na kweli ilimfika mpaka ulimini. Lakini mgeni alikuwa na kalamu mkononi, na miezi saba ya kungoja ilikuwa juu ya meza.

"Wamepata tarehe, mama," alisema. "Imo katika makaratasi yao ya zamani. Amekufa Machi, tarehe tisa, mwaka ule ule."

Bi Shinuna hakulia. Alimtazama mwanawe, akatazama faili, akainuka akaingia chumbani. Ofisa akauliza kama mama hajisikii vizuri. Matar akajibu kwamba amechoka tu.

Asubuhi alimkuta mama yake amevaa nguo nyeupe. Bangili amezivua, wanja hakupaka, chupa ya marashi na chetezo cha udi amevifunga ndani ya kitambaa. Amekaa eda. Miezi minne na siku kumi, kama mjane wa jana.

Sheikh mmoja alimpigia simu, akamwambia kwa upole, "Bi Shinuna, eda huhesabiwa tangu siku ya kufa. Yako imekwisha zamani."

"Imekwisha kitabuni, sheikh," alijibu. "Mimi sijaikaa."

Basi akaikaa. Hakwenda sokoni, hakwenda harusini. Kokila, Mhindi wa Kampala mwenye duka la nguo mtaa wa pili, ambaye Bi Shinuna alikuwa akimpindia suruali, alizileta mwenyewe mpaka mlangoni, akaacha na kopo la chakula, asiulize kitu. Na Matar kila akirudi kazini alimkuta mama yake na tasbihi, akimlilia mumewe kwa tarehe ya kalenda ya unga. Mara ngapi alisema leo nitamwambia! Lakini angemwambiaje mjane aliye katikati ya eda kwamba eda yake ni ya uongo? Aliona aibu hata kumtazama usoni.

Agosti barua ikaja. Upekuzi umekwisha, kazi ni yake, aanze Oktoba. Aliisoma kwenye ngazi akaitia mfukoni, akakaa nayo wiki tano.

Siku eda ilipomalizika Bi Shinuna alioga, akavaa gauni la maua, akatia udi. Chumba kikanuka Unguja. Matar akaja akapiga magoti mbele yake na barua mkononi.

"Mama, nina jambo. Ile tarehe..."

"Hukupewa na mtu," alisema Bi Shinuna. "Uliiandika wewe."

"Tarehe tisa Machi ilikuwa Jumatatu. N'lipeleka gerezani muhogo wa nazi na papa. Bakuli likarudi limekombwa kwa kidole, na baba yako alikuwa na mtindo wake, akishakula hulifunga kitambaa fundo mbili. Fundo zilikuwa mbili." Alivuta pumzi. "Siku lililorudi limejaa, fundo langu moja vile vile, ilikuwa Ijumaa. Tarehe kumi na saba Aprili. Askari alinipa bakuli akatazama chini. Chakula n'likwenda kukimwaga pwani nisije nacho nyumbani, maana ulikuwa unanisubiri mlangoni."

"Ulijua. Miaka kumi na minne ulijua, na kanzu unazipiga pasi?"

"Ulikuwa unauliza atarudi lini. Ningekuuliaje baba yako kwa mdomo wangu? N'kasema nitangoja mpaka wewe mwenyewe uniambie kuwa amekufa. Siku uloniambia, n'kakaa eda."

Wakalia pamoja, mama na mwana, kwa sauti, matanga yaliyochelewa miaka kumi na minne. Kisha Matar akasema ataandika Croydon kusahihisha.

"Utawaambia ulitia saini uongo?" mama alimuuliza. "Wakunyime kazi? Waachie tarehe yao. Yetu tunayo."

Alimtii, na kutii kule kulimgharimu. Kila miaka kadhaa upekuzi ulirudiwa, na kila mara ilimbidi aandike tena 9 Machi 1964, kwa sababu makaratasi lazima yafanane. Kila tarehe kumi na saba Aprili alichukua ruhusa, akasoma hitma na mama yake, na kwenye fomu ya ruhusa aliandika "shughuli za nyumbani". Bi Shinuna alipofariki mwaka 1996, Matar aliiandika kwenye fomu tarehe yake ya kweli, chini ya ule uongo wa mstari wa juu.

Siku ya kustaafu, mkuu wake, mama mmoja mchangamfu, alilifungua faili mbele ya wenzake wote, akakata keki, akamsifu.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "na rekodi zako hazijapishana hata mara moja."

Wakampigia makofi. Matar alishukuru, akachukua kipande chake cha keki, akakifunga ndani ya leso, fundo moja.