Redio Tatu za Bendi ya Mama

Juzi nilikuwa nimeketi kwenye benchi nikisubiri kuitwa kwa mahojiano ya kazi, nikijiuliza kama kola yangu imekaa sawa, na kama kujiuliza huko kunaonekana usoni, mara feni ya ukutani ikaanza kutoa sauti: shhhh, laini, bila kukoma. Kaseti kuukuu hutoa sauti hiyohiyo kabla muziki haujaanza. Nikajikuta nina miaka tisa tena, niko nyumbani kwetu mtaa wa Umoja, sikio nimelibandika kwenye redio ya mama.

Kaseti niliyokuwa nikiisikiliza niliipata kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: “Bendi ya Vijana – Besi.” Nilipomuuliza mama, hakuinua hata macho kutoka kwenye mboga ya sukuma aliyokuwa akikata.

“Ilikuwa bendi yetu ya kanisa. Mimi nilikuwa napiga lile tarumbeta kubwa la besi.”

Mama yangu, aliyeshinda kiwandani akipanga biskuti kwenye katoni! Tangu siku hiyo nikawa naisikiliza kaseti kila nikitoka shule. Mwanamume anahesabu moja hadi nne, kisha tarumbeta linaanza: pom, pom, pom-pom. Halafu kimya kirefu, mguu wa mtu ukigonga sakafu. Kisha pom tena. Niliamini huo ndio wimbo mzima, na kwamba duniani hakuna mtamu kuushinda.

Basi nikajigamba kwenye shule ya Jumapili kwamba mama yangu ni mwanabendi. Brayo, aliyekaa nyuma yangu, akataka ushahidi. Jumapili iliyofuata nikaipeleka kaseti, na mwalimu akakubali kuicheza. Pom, pom. Kimya. Pom.

“Huyo ni ndovu ameshiba maharagwe,” Brayo akasema.

Darasa zima likaangua kicheko. “Wee Mueni, si ulisema bendi? Bendi gani ya mtu mmoja?”

Waliniita mwongo mpaka getini. Hilo ningelivumilia. Lililonitesa wiki nzima ni swali nililojitengenezea mwenyewe: itakuwaje kama mama ndiye aliyenidanganya? Nikawa namchunguza midomo akila, nikitafuta alama ya tarumbeta. Sikuiona. Mwishowe akaweka kijiko chini.

“Unaniangalia nini kama daktari?”

Nikamweleza yote huku nikilia. Nilitarajia kugombezwa, lakini alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga.

“Umewasikizisha besi tupu? Hata mimi ningecheka!”

Ndipo nikajua namna walivyojifunza. Wengi wao hawakujua kusoma noti, kwa hivyo mwalimu wa bendi alirekodi kila sauti peke yake, akampa kila mtu kaseti ya sehemu yake akafanyie mazoezi nyumbani. Kaseti ya wote pamoja haikuwahi kutengenezwa.

Jumamosi tukaenda mtaa wa Fedha kwa Anti Jerusa, aliyekuwa akipiga tarumbeta ndogo ya sauti ya juu. Redio yetu niliibeba mwenyewe, nimeikumbatia. Wafula, mpiga tromboni wao, akaja kutoka mtaa wa Kware na redio yake kwapani, kaseti yake ndani.

“Mama Mueni! Bado una kifua cha besi?” Anti Jerusa akauliza.

“Cha kukufuata wewe ninacho. Si wewe ulikuwa unaingia kabla ya wakati kila ibada?”

Redio tatu zikapangwa mezani. Kwa kuwa kila kaseti ilianza na mwalimu akihesabu, tulizirudisha zote hapo, kila mtu akaweka kidole kwenye kitufe chake. Nilipewa redio ya besi. Nilikikodolea macho kitufe hicho kana kwamba kingelipua jengo.

“Bonyeza!”

Tromboni ikaanza kujivuta kama ng’ombe mgonjwa.

“Wafula, hata leo umechelewa!” Anti Jerusa akasema.

“Si mimi, ni betri.” Akazitoa, akaziuma moja moja kwa magego ili zipate nguvu, akazirudisha.

Mara ya tatu, zile sauti tatu za mwalimu zikahesabu kama mtu mmoja. Besi ikaanza, pom, pom, nami nikajikaza kuungoja ule ukimya wa aibu. Haukuja. Tarumbeta ya Anti Jerusa iliingia papo hapo, nyembamba na safi, tromboni ikateleza chini yake, vikombe vikatetemeka kabatini. Kila kimya kilichochekwa kilikuwa na mtu ndani yake. Na walipopanda wote pamoja, mama ndiye aliyewabeba. Nilitamani kukimbia kwa miguu hadi Umoja nimlete Brayo.

Nilipotazama juu, mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, kikombe kinachotiririka maji mkononi, haendi mbele wala nyuma. Nilidhani ananitazama aone kama nimeamini.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilimuuliza bendi yao ilisikika vipi kanisani. Akasema hajui. Mpiga besi alikaa safu ya mwisho, mdomo wa tarumbeta uko karibu na sikio lake, hasikii ila pumzi zake na pom zake. Baadaye mwalimu alihamishwa, vyombo vikachukuliwa na kanisa lingine, na bendi ikaisha hivyo.

Siku zote nilifikiri mama alinipeleka Fedha ili niusikie wimbo wao. Kumbe na yeye hakuwa ameusikia kabla ya siku hiyo.