Mkwe Alipotoka Chumbani

Siku ambayo mama alikuwa atolewe mawe kwenye nyongo, niliamka na furaha ya mtoto anayepelekwa kununuliwa viatu. Miezi mingi nilikuwa nimemwona akijikunja katikati ya shamba la chai, mkono mbavuni, kisha ananyooka na kuendelea kuchuma akidhani sijamwona. Leo mateso yangeisha! Tulitoka Chepilat asubuhi, mume wangu akiendesha, mama kiti cha nyuma, mimi nikiongea bila kupumua.

Kwetu Wakipsigis, mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa umbali. Mama hali mbele ya mume wangu, sembuse kutaja mambo ya mwili wake. Lakini mume wangu ndiye hodari wa kujaza fomu, basi hospitalini aliketi nasi chumbani, kalamu mkononi, na mimi sikuona ubaya wowote.

Daktari wa usingizi, yule wa kulaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliuliza, "Mama, umekula lini mara ya mwisho?"

"Jana saa kumi jioni," mama alijibu akiangalia sakafu.

"Unasikia tumbo kujaa? Kichefuchefu?"

"Hapana. Mimi niko sawa."

"Na dawa unatumia gani?"

"Tembe ya sukari."

Nilimtazama kwa hasira. Tembe peke yake? Na ile sindano ya sukari anayojidunga kila Jumapili baada ya kanisa, mlango umefungwa? Hapo hapo akabeua, akaficha mdomo kwa leso, na jicho lake likamwendea mume wangu. Nikaelewa. Heshima hii itaniulia mama!

"Nenda uninunulie chai," nikamwambia mume wangu.

"Chai? Saa hii?"

"Saa hii. Na usiharakishe."

Mlango ulipofungwa tu, mama akafunguka. "Daktari, ile ugali ya jana bado iko hapa," akashika chini ya kifua. "Na kuna sindano najidunga kwa tumbo kila wiki. Sasa ningesema aje na mkwe wangu amekaa hapo?"

Daktari aliweka karatasi chini. Alitueleza kwamba sindano za aina hiyo huchelewesha tumbo kuteremsha chakula, na mtu aliyelazwa usingizi hawezi kujikinga: chakula kikipanda, kinaweza kuingia mapafuni. Akaleta mashine ya skani, akampaka mama mafuta baridi tumboni. Na kweli, kwenye skrini tukaona chakula cha jana kimejaa tele! Nilipiga kelele kama niko uwanjani.

"Hiyo ni tumbo yangu?" mama akauliza, ameinua shingo aone vizuri.

Kisha nikafikiria jinsi tulivyokuwa tumekaribia kumpoteza. Nikakaa. Upasuaji uliahirishwa. Mume wangu aliporudi na chai akauliza kumetokea nini, tukamwambia amuulize daktari.

Daktari wake wa sukari alikubali aruke sindano, naye daktari wa usingizi akaagiza kwamba siku nzima kabla ya upasuaji asile chochote, anywe tu vitu vya majimaji. Tuliporudi hospitalini, mume wangu alisimama mlangoni, faili kwapani, tayari kutoroka. Maswali yakaanza yale yale. Nikafungua mdomo nimtume chai.

Mama akanizuia kwa mkono. Akainua kichwa, mkwe akiwa pale pale, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Sindano nimeruka. Jana nimekunywa uji ya maji na supu, basi. Sibeui, sisikii kutapika. Na kama hamniamini, leteni ile mashine!"

Mume wangu alitazama dari kana kwamba inavuja. Mimi nilicheka huku nalia, sikujali nani ananiona. Skani ilionyesha tumbo tupu, wakampeleka chumba cha upasuaji.

Alipoamka, midomo imekauka, aliniuliza kama mkwe wake alisikia yote yale.

"Yote," nikasema.

Akafumba macho, akatabasamu. "Afadhali," akasema. "Niko hai niaibike."